Kumrudishia maneno mgonjwa wa kiharusi: mazoezi ya usemi nyumbani

Mtu aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo anaweza kukaa mbele yako, akakutambua, akajua leo ni Ijumaa na kodi ya nyumba haijalipwa, na bado akashindwa kutamka "maji". Hali hiyo inaitwa afasia. Karibu mtu 1 kati ya 3 wanaopata kiharusi huanza nayo, na familia nyingi haziielewi: wengine husema mzee kachanganyikiwa, wengine humsemesha kama mtoto, wengine hupoteza wiki za mwanzo wakizunguka kumtafuta aliyemroga. Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au uliopasuka. Sehemu iliyokosa damu hufa, na sehemu zilizobaki ndizo zinazofunzwa kazi upya kwa mazoezi.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache Afrika Mashariki, na wengi wako hospitali kubwa za mijini. Ukimpata, hata mara moja kwa mwezi, mpeleke mgonjwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, na anayeifanya ni mke, mume, binti au mjukuu. Tunamwandikia huyo. Kabla ya yote tunamwomba ashike jambo moja: mpe mgonjwa msaada mdogo kabisa unaotosha, na kabla ya kuutoa, ngoja.

Kumeza kwanza

Kiharusi kinachoharibu usemi mara nyingi huharibu na kumeza. Chakula au maji yakiingia njia ya hewa, matokeo yake ni nimonia, na nimonia huua wagonjwa wa kiharusi. Basi kabla ya mazoezi yoyote mtazame anapokunywa. Mkalishe wima kabisa, kichwa kisiinamie nyuma, umpe maji kijiko kimoja cha chai. Akikohoa, sauti yake ikawa kama ina maji ndani, au akahema kwa kasi, acha kumlisha kwa mdomo na umuone daktari siku hiyo hiyo. Akimeza vizuri, aendelee kula akiwa amekaa, tonge dogo dogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya chakula. Kinywa kisafishwe asubuhi na usiku hata kama hali kitu, kwa sababu uchafu wa kinywani ndio unaoteremka mapafuni pamoja na mate.

Ni tatizo lipi alilo nalo?

Yapo matatu, na huweza kuwa pamoja kwa mtu mmoja.

Afasia ni kupotea kwa lugha yenyewe. Dalili yake kubwa ni kwamba hata kuandika na kusoma vimeguswa, na neno moja huja mahali pa jingine: anataka kikombe, anasema "kijiko". Disathria ni udhaifu wa misuli. Maneno anayo, sentensi yake ni kamili, ila inatoka nzito kama ya mtu mwenye ganzi mdomoni, na ukimpa kalamu anaandika sawasawa. Apraksia ya usemi iko katikati: misuli ina nguvu, neno analijua, lakini ubongo unashindwa kupanga mwendo wa ulimi na midomo. Utamwona anautafutatafuta mdomo wake, akikosea kila mara kwa namna tofauti. Mtu huyo huyo huhesabu moja mpaka kumi bila shida, kisha ukimwambia aseme "saba" peke yake anakwama.

Wapo wanaobaki na neno moja au silabi moja. Mgonjwa aliyechunguzwa na daktari Paul Broca huko Paris mwaka 1861 karibu kila alipojaribu kusema alitoa "tan" tu, na bado kwa mikono na kwa kupandisha na kushusha sauti alijieleza. Wa kwako akibaki na "ee ee", au hata na tusi ambalo hajawahi kulitamka maishani, asikemewe. Neno hilo linatoka lenyewe. Sikiliza sauti yake na utazame macho. Maana iko huko.

Wapo pia wanaoongea sana, kwa kasi, maneno yasiyoshikana, bila kujua kwamba hawaeleweki. Hawa tatizo lao kubwa ni kuelewa, na tutawarudia.

Ndiyo na hapana

Anza hapa, kwa sababu bila "ndiyo" na "hapana" za kuaminika huwezi kujua kama anaumwa, ana njaa au anataka kwenda chooni. Wenye afasia huzichanganya: mdomo unasema "ndiyo" huku kichwa kinakataa.

Mpime. Andaa maswali 10 ambayo majibu yake unayajua, 5 ya ndiyo na 5 ya hapana, uyachanganye. "Hiki ni kijiko?" "Tuko Mombasa?" "Huyu ni dada yako?" Akipata 8 na kuendelea, jibu lake lina uzito. Akipata 5 au 6, ni bahati nasibu. Rudia pimo hilo kwa njia nyingine: kidole gumba juu na chini, au kadi mbili, moja yenye alama ya vema na nyingine yenye alama ya kosa. Mara nyingi mkono huwa mkweli kuliko mdomo. Ukishajua njia inayofanya kazi, nyumba nzima itumie hiyo hiyo.

Kuna mtego wa Kiswahili hapa ambao umewaponza wengi. Ukimuuliza "Hutaki chai?" naye akajibu "ndiyo", amesema anataka au hataki? Kwetu "ndiyo" hiyo huweza kuwa "ndiyo, sitaki". Uliza kwa kukubali tu, kitu kimoja kwa swali moja: "Unataka chai?" Ngoja. "Unataka maji?" Ngoja. Usiseme "Unataka chai au maji au upumzike kidogo kwanza?"

Mahali, muda na kiasi

Zima redio na televisheni. Mvalishe miwani yake, meno ya bandia kama anayo, na kama alikuwa hasikii vizuri kabla ya kiharusi, kumbuka hilo. Mwanga uwe usoni pako, kwa sababu atasoma midomo yako. Asubuhi baada ya chai ndiyo saa nzuri kwa wengi. Mchana kichwa kinakuwa kimeshachoka.

Kaa upande wake wa kushoto au mbele yake. Kiharusi cha ubongo wa kushoto huweza kufuta nusu ya kulia ya kile anachokiona, kwa macho yote mawili. Dalili yake utaiona mezani: anakula nusu ya sahani, nusu ya kulia inabaki. Kadi zikiwekwa kulia hatazioni, nawe utadhani hajui jibu. Zipange katikati au kushoto, moja chini ya nyingine.

Wiki za mwanzo, daktari akisha kusema hali imetulia, dakika 5 hadi 10 mara tatu au nne kwa siku zinatosha. Baadaye panda hadi dakika 30 mara mbili kwa siku, siku 5 za wiki. Akianza kukosea hata maneno aliyoyaweza muda mfupi uliopita, amechoka. Malizia na neno moja analoliweza, msimame.

Maendeleo huwa ya haraka zaidi miezi 3 ya mwanzo, kisha mwendo unapungua. Familia nyingi huacha hapo, zikiambiwa kwamba kilichobaki kimebaki. Si kweli. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu 156 waliokuwa na afasia kwa zaidi ya miezi 6. Wiki 3 za tiba, angalau saa 10 kila wiki, ziliboresha mawasiliano yao ya kila siku. Saa 10 kwa wiki ni nyingi kwa nyumba yenye kazi, lakini zikigawanywa kati ya watu watatu zinawezekana.

Kuchagua maneno ya kuanzia

Chagua 10, yasizidi 20. Yawe maneno anayoyahitaji yeye, si ya kitabu cha chekechea. Fundi cherehani anahitaji "uzi" na "mkasi" kuliko "twiga". Weka jina la mke au mume na la mtoto anayekaa naye, choo, dawa, chai, simu, pesa.

Mwanzoni pendelea maneno yasiyoanza na kiambishi cha ngeli: sukari, dawa, simu, pesa, chai, feni, redio. Sababu yake itaonekana tukifika kwenye ngazi ya msaada. Piga picha za vitu vyenyewe vya nyumba yenu kwa simu, kitu kimoja juu ya kitambaa cheupe, uzichapishe kwenye duka la steshenari kwa ukubwa wa kiganja. Nyuma ya kila picha andika neno kwa herufi kubwa. Kama unaweza kuleta kitu chenyewe, kilete. Kukishika na kukinusa huamsha neno kuliko picha.

Ngazi ya msaada

Hili ndilo zoezi kuu. Lina ngazi sita, na unapanda moja tu pale iliyotangulia inaposhindikana.

Ngazi ya 1: onyesha kitu, nyamaza, hesabu moyoni mpaka 10. Sekunde 10 ni ndefu mno kwa anayengoja na fupi mno kwa anayetafuta neno. Hapa ndipo wauguzaji wengi wanapoanguka: wanalisema neno sekunde ya tatu, na kile ambacho ubongo ulikuwa umeanza kukivuta kinakatika.

Ngazi ya 2: eleza kazi yake bila kulitaja. Ya 3: toa sentensi yenye pengo mwishoni. Ya 4: mpe mwanzo wa neno. Ya 5: semeni pamoja, akitazama midomo yako. Ya 6: sema wewe, arudie.

Ngazi ya 4 ndiyo inayohitaji akili ya Kiswahili. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa kwa lugha za Ulaya vinasema mpe sauti ya kwanza. Kwetu, ukisema "ki…" umempa kijiko, kikombe, kisu, kiti, kitanda na kibiriti kwa pamoja, na ubongo wenye shida ya kuchagua umeongezewa shida. "M…" ni mbaya zaidi: mkate, mlango, mchele, mswaki, mto. Kwa maneno ya ngeli hizo toa silabi mbili, "kiko…", "mswa…". Kama neno ni fupi, kama "kisu", ruka ngazi hii, rudi kwenye sentensi yenye pengo. Lakini "su…" kwa sukari inafanya kazi vizuri, na ndiyo maana tulisema uanze na maneno ya namna hiyo.

Tazama zoezi moja kwa karibu. Kikombe kiko mezani. Binti yuko na baba yake.

"Baba, hiki?" Ananyamaza, anahesabu 10.

"Ki… kijiko."

Hasemi "hapana", wala "si hivyo, jaribu tena". Kijiko na kikombe vinakaa kabati moja, na kosa hilo linaonyesha kwamba mzee amefika jirani na neno. "Uko karibu sana, baba. Kijiko tunakorogea. Hiki tunanywea." Anangoja. Kimya. "Chai ya moto, nimimine kwenye…" Anangoja tena. "Kiko…"

"…mbe. Kikombe."

"Kikombe." Anamwachia akishike.

Hajamaliza. Neno lililotoka kwa msaada halijarudi bado, limeazimwa tu. Anamuuliza tena baada ya sekunde 5, kisha 30, kisha dakika 1, kisha 2, kisha 4, akiweka maneno mengine katikati. Akikosa, anarudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Kunyoosha muda namna hii kunaliimarisha neno kuliko kulirudia mara 20 mfululizo.

Daftarini andika tarehe, neno, na ngazi alikolipatia: "kikombe 4, sukari 1, dawa 2". Neno likifika ngazi ya 1 siku tatu mfululizo, liondoe, uingize jipya, na la zamani ulirudie mara moja kwa wiki. Daftari hilo litakutia moyo siku ambazo huoni mabadiliko, kwa sababu safari ya kutoka 6 kwenda 3 haionekani kwa sikio.

Neno likigoma kabisa kwa wiki nzima, lizungushie habari zake. Chukua karatasi, weka picha ya mwiko katikati, muulize: ni kitu cha wapi? Kimetengenezwa kwa nini? Kinafanya nini? Kinakaa na vitu gani? Jikoni, mti, kusonga ugali, sufuria, unga. Asipoweza kusema, achague kati ya maneno mawili uliyoandika. Neno liko kwenye utando wa maneno mengine, na ukiutikisa utando wote hulegea.

Vitenzi, na jinsi ya kujenga sentensi

Majina peke yake hayampi mtu mazungumzo. Tatizo ni kwamba kitenzi cha Kiswahili ni mzigo: "nimekuletea" ina mtendaji, wakati, mtendewa na tendo ndani ya neno moja. Mwenye afasia ya kukatika maneno hawezi kuubeba mwanzoni. Usimdai.

Anza na vya kuamuru, visivyo na kiambishi: lete, njoo, funga, fungua, ngoja, acha. Ni vifupi, na vina nguvu: akisema "funga", dirisha linafungwa, naye anaona neno lake limefanya kazi. Hakikisha kweli linafungwa, papo hapo.

Kisha mpe fremu moja: "naomba". Naomba maji, naomba dawa, naomba simu. Ikikaa, ongeza "sitaki", kwa sababu kukataa ni haki yake na wengi huisahau. Halafu "piga", ambacho ni hazina ya lugha yetu: piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki, piga hodi. Kitenzi kimoja, mambo matano ya kila siku.

Zoezi la nani-tendo-nini linafuata. Andika kitenzi katikati, "pika". Nani anapika? Anapika nini? Mama, ugali. Mpishi wa shule, maharage. Mama lishe, wali. Tafuta jozi tatu kwa kila kitenzi, vitenzi 4 kwa kipindi kimoja. Akisema "mama pika ugali", pokea, kisha wewe irudie ikiwa kamili kwa sauti ya kawaida: "Eeh, mama anapika ugali." Usimlazimishe arudie. Kusikia kunamtosha kwa sasa.

Maneno yanayotoka yenyewe

Hesabu, siku za wiki kuanzia Jumamosi, sala, nyimbo za kanisani au kaswida, majibu ya salamu: haya huhifadhiwa kwa namna nyingine, na mara nyingi husalimika. Mjukuu akisema "Shikamoo babu", "marahaba" inaweza kutoka kwa mtu ambaye hajasema kitu siku nne. "Hodi" huvuta "karibu". "Haba na haba" huvuta "hujaza kibaba".

Tumia hazina hiyo kuufungua mdomo mwanzoni mwa kila kipindi, dakika 2 au 3. Ila usidanganyike. Kuisoma Fatiha au Baba Yetu mpaka mwisho hakumaanishi anaweza kusema "chakula" anapokihitaji. Daraja la kuvuka ni kumkatiza: hesabuni pamoja, unyamaze kabla ya saba. Akisema "saba", mwonyeshe namba 7 iliyoandikwa. Baadaye muulize watoto wa jirani wangapi. Taratibu, neno lililokuwa linatoka kwa mkumbo linaanza kutii.

Kuimba sentensi

Mbinu hii ilielezwa na wataalamu wa Boston mwaka 1973, kwa watu wanaoelewa vizuri lakini maneno hayatoki. Si kuimba nyimbo. Unaipa sentensi fupi ya kila siku sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku ukigonga mkono wake wa kushoto juu ya meza, mara moja kwa kila silabi. Kiswahili kinaifaa mno, kwa sababu mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno. Sauti ya juu inajua pa kukaa. Na-O-mba MA-ji. Na-TA-ka CHA-i. Na-U-mwa.

Kwanza vumisha sauti tu, mdomo umefungwa, mkigonga pamoja. Kisha imbeni pamoja mara 4. Kisha anza naye, ufifie katikati, yeye amalizie. Kisha imba wewe, arudie peke yake. Mwisho muulize kwa sauti ya kawaida, "Unataka nini?", ajibu. Ukiona anaweza, punguza uimbaji siku baada ya siku mpaka ibaki sentensi ya kusema. Kosa la kawaida ni kukimbia: silabi moja ichukue karibu sekunde nzima.

Asiyeelewa anachoambiwa

Kwa yule anayeongea mfululizo maneno yasiyoshikana, kumtaka ataje vitu ni kumchosha bure. Anza na sikio. Weka vitu viwili mezani, ufunguo na kitana. "Nionyeshe ufunguo." Usiutazame ufunguo wewe, maana atafuata macho yako. Akipata mara 8 kati ya 10, weka vitu vitatu, kisha vinne, kisha vinavyofanana: kijiko na uma.

Katika maongezi ya siku nzima, taja jina la kitu badala ya "hicho" na "kile". Badala ya "kakichukue ulikokiweka jana", sema "Kofia yako." Onyesha kichwani. "Iko wapi?" Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja. Na andika: hata asiyesoma vizuri sasa, mara nyingi huchagua sahihi kati ya SOKONI na MSIKITINI yakiandikwa kwa herufi za urefu wa sentimita 2 huku ukiyasoma kwa sauti.

Maneno anayo, ni mazito tu

Kwa disathria mazoezi ni mengine. Akae wima, avute pumzi, aseme maneno mawili au matatu, avute tena. Atamke kila silabi akigonga kidole pajani, kwa sauti kubwa kuliko anavyodhani inafaa. Asome vichwa vya habari 10 vya gazeti kwa namna hiyo kila siku, na wewe usitazame gazeti. Yale uliyoyaelewa ndiyo kipimo. Kupuliza puto na kutoa ulimi nje mara 50, mambo yanayosifiwa sana mitaani, hayarudishi usemi. Anayetaka kusema vizuri afanye mazoezi ya kusema.

Daftari la picha

Usingoje usemi urudi ndipo mzee awasiliane. Daftari la picha halimfanyi mtu mvivu wa kusema. Linampunguzia hasira, na hasira hufunga maneno. Picha 6 hadi 9 kwa ukurasa: watu wa nyumbani, vyakula, mwili mzima ili aonyeshe panapouma, mahali anapokwenda, noti za pesa. Kila ukurasa uwe na alama tatu zile zile chini kushoto: HAPANA, KITU KINGINE, HAMJANIELEWA. Bila hizo atalazimika kuchagua kati ya mlivyomwekea, hata kama anachokitaka hakimo.

Na usimdanganye kwamba umeelewa. Sema, "Baba, sijaelewa, lakini nataka kuelewa. Ni kuhusu mtu? Ni kuhusu pesa?" Mkishindwa, mwambie mtarudi baada ya chakula, kisha mrudi kweli.

Lugha ipi?

Mzee aliyezaliwa kwa Kisukuma, akafanya kazi kwa Kiswahili na kusoma kwa Kiingereza, anaweza kurudi na yoyote kati ya hizo kwanza, au zote zikichanganyika. Fanyeni mazoezi kwa lugha mnayoongea naye nyumbani siku zote. Neno likija kwa lugha nyingine, lipokeeni, limefanya kazi yake.

Yanayoharibu kazi

La kwanza ni mtihani wa kutwa. Kila mgeni anaingia na "Mimi nani? Nitaje jina!" Mzee anashindwa mbele ya watu, na kesho anageukia ukutani. Waambie wageni mapema: wasalimie, wakae, waongee wao kidogo kidogo, wampe nafasi. Watoto wasimcheke wala wasimfundishe kwa kitabu cha a-e-i-o-u. Ni yule yule wanayempa shikamoo.

La pili ni kumjibia. Daktari anauliza, mke anajibu. Mwombe daktari amuulize mwenyewe na amngojee.

La tatu ni huzuni. Ikiwa kwa wiki mbili halali, hali, analia au hataki chochote, usidhani ni uvivu wa mazoezi. Msongo wa namna hiyo ni wa kawaida baada ya kiharusi na una tiba, mwambie daktari.

La nne ni kupuuza mabadiliko ya ghafla. Maneno yaliyokuwa yanakuja yakipotea kwa siku moja, huenda ana homa, maambukizi ya mkojo, degedege, au kiharusi kingine. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, tazama saa na mkimbize hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Kutoka nje

Akiwa na maneno 15 au 20, mtoe. Mwandikie kadi ya mfukoni: "Nilipata kiharusi. Ninaelewa, lakini maneno yanachelewa. Tafadhali nipe muda." Namba ya siri ya M-Pesa isiandikwe humo, na kwa muda huu miamala ifanyike mbele ya mtu mnayemwamini, kwa kuwa namba nazo huchanganyika.

Chagua duka mnalojuana na mwenyewe, saa isiyo na watu. Siku iliyotangulia fanyeni zoezi la "naomba sukari" mara 10, pesa kamili mkononi. Simama hatua mbili nyuma yake. Akikwama, hesabu 10. Akikwama tena, mpe "su…" na uishie hapo. Kama haijatoka, aonyeshe kwa kidole, alipe, achukue. Mkirudi nyumbani andika ngazi aliyofikia, na mwezi mzima mnunue sukari yenu pale pale, robo kilo kwa kila safari.